Alama Mbili Juu ya Ubao

Wapendwa, leo twende kwanza katika nyumba moja ya huko milimani, nyumba ya matofali ya kuchoma yenye vyumba vitatu na banda la ng'ombe ubavuni. Ndani yake aliishi mama mmoja kijana. Tumwite Nakundwa, maana mtu asiye na jina ni rahisi mno kumhukumu. Mumewe, Sifaeli, alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha mkonge huko tambarare, na alirudi nyumbani mwisho wa mwezi, akakaa siku mbili, akaondoka. Siku nyingine zote Nakundwa aliishi na mama mkwe wake, Bibi Naelijwa, pamoja na mtoto wake wa kwanza, Togolani, aliyekuwa na umri wa miezi minane.

Togolani alikuwa na kitanda chake. Haikuwa susu ya kuning'inia. Kilikuwa kitanda cha miguu minne chenye fito pande zote, na juu ya fito ubao mmoja mwembamba uliozunguka kitanda kizima, ule ambao mtoto huushika anapojifunza kusimama. Alikitengeneza babu yake, marehemu, ambaye kazi yake ilikuwa kupaka rangi matangi ya maji na vyuma vya madaraja. Kila alipozaliwa mtoto katika nyumba ile, babu alikipaka upya kwa rangi ya mafuta iliyobaki kazini: mara kijani, mara buluu, mara ile nyekundu ya kuzuia kutu. Sifaeli naye, wiki moja kabla mwanawe hajazaliwa, alikipaka nyeupe juu ya zile zote. Kikapendeza sana. Wageni walikisifu kitanda kabla hawajamsifu mtoto.

Basi, ilipofika miezi minane Togolani akaanza kutoa udenda. Kifua cha nguo yake hakikukauka. Akawa anajivuta, anasimama ameshika ule ubao wa juu kwa mikono miwili, anaufunika kwa mdomo wake na kutafuna. Kila mzazi aliyeketi hapa anaijua sura hiyo. Ufizi unamwasha, na yeye hachagui: ataguguna kidole chako, ukingo wa kikombe, pindo la khanga, na ubao ukiwa karibu atauguguna huo.

Asubuhi moja Nakundwa alikuwa akimsafisha mwanawe kinywa kwa kitambaa, kidole chake kikagusa kitu kigumu. Jino. Akafurahi, akaanza hata kucheka peke yake. Kisha furaha ikamwishia ghafla, kwa sababu kidole kilikuwa kwenye ufizi wa juu. Akapapasa chini: laini. Akarudi juu, akapapasa polepole: yalikuwa mawili, yamechomoza pamoja.

Wazee mlio humu mmeshaelewa kilichompata. Vijana waelezwe. Mtoto anayeanza kuota meno ya juu aliitwa kigego, na makabila mengi ya nchi hii yalimhesabu kuwa mkosi kwa ukoo. Zamani hakuachwa aishi. Siku hizi hakuna anayethubutu kufanya hivyo, wala hakuna anayekubali kwamba anaamini. Lakini huko milimani mtoto wa namna hiyo utasikia amepelekwa kwa ndugu wa mbali, eti akapate maziwa, na mama yake akiulizwa na wageni ana watoto wangapi, huyo hamhesabu.

Nakundwa aliwaza jambo moja tu: Togolani hatapelekwa popote. Na mtu wa kwanza aliyemfikiria alikuwa Bibi Naelijwa. Kwani ni nani mwingine mwenye sauti katika nyumba ile? Baba mkwe amekufa, mume yuko kiwandani. Bibi ndiye mkubwa wa ukoo, ndiye anayejua mila zote, ndiye anayeulizwa kila mahali palipo na harusi au msiba. Akisema mtoto aende, mtoto ataenda.

Kuanzia asubuhi ile Nakundwa akawa askari wa mdomo wa mwanawe. Akimbeba nje, alimgeuza uso kifuani. Togolani akianza kucheka mbele ya watu, mama alimbonyeza begani taratibu mpaka anyamaze. Je, mmewahi kumwona mama anayemkataza mwanawe kucheka? Jumapili moja, kwenye mlango wa kanisa, jirani yao mmoja aitwaye Mama Nakiete alimtekenya mtoto kidevuni, akaona amefunikwa haraka, akawageukia wenzake na kusema, "Huyu bwana harusi mbona hatuonyeshi meno? Au anangoja mahari yatimie?"

Wanawake wakacheka. Nakundwa naye akacheka, huku amemgeuza mtoto uso kifuani.

Nyumbani ilikuwa vigumu zaidi. Bibi Naelijwa alikuwa na mazoea ya kumwita mjukuu wake mume, kama bibi zetu wanavyotania. Alimpakata, akamwambia, "Mume wangu, fungua mdomo nikuone. Nimeolewa na mwanaume au na kibogoyo mwenzangu?" Zamani Nakundwa aliufurahia utani huo. Sasa kila neno alilisikia kama maulizo ya polisi. Na kila jioni Bibi aliuliza kwa sauti ya kawaida kabisa kama meno bado, na kila jioni Nakundwa alijibu kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba bado. Bibi akiitikia "haya", Nakundwa alilichunguza hilo "haya" usiku kucha.

Kisha akaona jambo lingine. Siku moja alimkuta Bibi ameinama juu ya kitanda cha mtoto, mtoto mwenyewe yuko sakafuni kwenye mkeka, na Bibi anapitisha kidole chake juu ya ule ubao, taratibu, kama mtu asomaye maandishi bila macho. Alipomwona Nakundwa akauondoa mkono, akasema anatazama kama kuna kunguni.

Nakundwa alingoja atoke, akaenda kutazama mwenyewe. Juu ya ubao kulikuwa na alama mbili, mbili pamoja, zimechimba rangi nyeupe. Kisha mbili nyingine karibu yake, na mbili nyingine, ubao mzima. Zote zilikuwa upande wa juu. Pembeni, mahali ambapo meno ya chini yangegusa, rangi ilikuwa nzima. Mtu yeyote aliyewahi kulea mtoto angezisoma alama zile. Nakundwa akajiambia kwamba Bibi ameshazisoma.

Kesho yake, alipotoka kukamua ng'ombe, alama zilikuwa zimetoweka.

Ubao ulikuwa laini. Ile rangi nyeupe ilikuwa imekwanguka sehemu ndefu, chini yake pakaonekana buluu, na chini ya buluu wekundu kidogo. Sakafuni palikuwa na vumbi jembamba, jeupe lenye chembe za rangi. Nakundwa akalitazama lile vumbi kwa muda mrefu. Kwa nini Bibi afute alama? Akajijibu: ili mimi nisijue kwamba ameziona. Na hili vumbi ni la nini? Hapo akili yake ikaenda mbali zaidi. Alikumbuka hadithi za unga unaonyunyizwa kitandani kwa mtu asiyetakiwa. Akalifagia, akaenda kulitupa nyuma ya banda.

Ninyi mngefanya nini? Msinijibu haraka. Kuna aliyeketi hapa leo ambaye ana mtu nyumbani mwake anayemchunguza hivyo hivyo, na hajamuuliza neno.

Nakundwa hakuuliza. Alichukua khanga kuukuu, akaikata mapande, akauvingirisha ule ubao wa juu pande zote na kuushona kwa uzi mnene. Alama zisionekane, na vumbi la Bibi lisipate pa kukaa. Bibi alipouona ubao umevishwa, alisimama mlangoni akauliza, "Mama Togo, na hii khanga ya nini?"

"Baridi, mama."

"Siku hizi ubao nao unasikia baridi?"

"Ni mtoto, mama. Anaugusa asubuhi ukiwa wa baridi."

Bibi akasema haya. Akaenda zake jikoni. Lakini asubuhi iliyofuata, Nakundwa akiwa bandani na ndoo kati ya magoti, alisikia kutoka chumbani mlio wa kitu kinachokwaruza, kwaru, kwaru, kwa utaratibu, kisha ukanyamaza. Alimwacha ng'ombe na maziwa nusu, akaingia mbio. Bibi alikuwa ameketi kwenye kigoda kando ya kitanda akiimba wimbo wa kanisa. Mkono mmoja ulikuwa chini ya khanga yake. Mshono wa upande mmoja ulikuwa umefumuliwa na kufungwa tena kwa fundo ambalo si la Nakundwa.

Mwisho wa mwezi Sifaeli alikuja. Aliiona khanga kitandani, akacheka kwamba mwanawe ana kitanda chenye nguo nyingi kuliko baba yake. Nakundwa alitaka kumwambia. Lakini alimwona anavyokaa na mama yake, anavyompa habari za kiwandani, anavyokula kutoka sahani moja naye, akaona: huyu ni mtoto wa yule. Nikimwambia huyu nimemwambia yule. Siku mbili zikaisha, Sifaeli akaondoka hajui lolote.

Ikapita wiki ya tano, ikaingia ya sita. Kila asubuhi Nakundwa alikwenda kukamua, kila asubuhi alisikia ule mkwaruzo au alidhani ameusikia, na kila alipoingia Bibi alikuwa akiimba. Naye Togolani aliendelea kusimama na kuguguna. Ubao ulikuwa umevishwa, basi akawa anaifyonza khanga mpaka inalowa. Nakundwa aliona hilo ni afadhali. Nguo ni laini, haiumizi ufizi.

Kisha mtoto akabadilika. Alianza kukataa ziwa. Choo kikawa kigumu, siku nne hapati. Tumbo likakaza. Alilia kwa sauti nyembamba isiyobembelezeka, halafu akalala mchana mzima kama mtu mzima aliyechoka, na akiamshwa hakutafuta kitu cha kushika. Nakundwa akamfungua viganja, akaviona vyeupe.

Hapo dhana yake ikawa uhakika. Akajiambia: Bibi amemtilia sumu. Hakumpeleka kwa ndugu wa mbali, amechagua njia ya karibu.

Hakuaga. Alimfunga mwanawe mgongoni asubuhi Bibi alipokwenda kukata majani ya ng'ombe, akashika njia ya hospitali ya misheni, mwendo wa saa moja na nusu, kupanda na kushuka. Alikuwa hajafika mbali alipoisikia sauti nyuma yake ikimwita. Hakugeuka. Sauti ikazidi kukaribia, pamoja na pumzi nzito ya mtu mzee anayekimbia mteremkoni. Bibi Naelijwa alimfikia akiwa na mundu mkononi bado, majani yamemganda kwenye nguo.

Hakuuliza wanakwenda wapi. Aliutupa mundu kichakani, akaanza kutembea. Wakaenda hivyo njia nzima, mmoja mbele na mmoja nyuma. Nakundwa aliwaza kwamba anakuja kuhakikisha. Na kila walipofika penye korongo, alikaa upande wa ndani wa njia.

Hospitalini waliingia kwa daktari kijana. Kwa cheo alikuwa tabibu, si daktari, lakini sisi kila avaaye koti jeupe tunamwita daktari, na yeye hakukataa. Akamlaza mtoto, akambonyeza tumbo, akamtazama macho na viganja. Halafu, kabla Nakundwa hajapata la kufanya, akamfungua mdomo.

Wanawake wote wawili wakasogea karibu.

"Ana meno mawili," daktari akasema, akaandika. "Vizuri."

Basi. Maneno manne, na kalamu ikaendelea. Wiki sita za kufunika, kushona, kunyamazisha na kusikiliza milango, na yule kijana alipita juu yake kama mtu arukaye mfereji. Nakundwa alimtazama Bibi kwa pembe ya jicho aone atashtuka vipi. Bibi hakushtuka. Bibi alikuwa akimtazama yeye.

Daktari akauliza, "Anapenda kutafuna nini?"

"Hatafuni kitu," Nakundwa akasema.

"Hatafuni," Bibi akasema.

Walijibu pamoja, kama watu waliofundishwa. Daktari akaiweka kalamu chini. Aliwaambia kwamba hajapata kumwona mtoto wa umri huo, tena mwenye meno mapya, ambaye hatafuni kitu. Aliwaambia kwamba damu imempungua mtoto huyu, na tumbo hili halimpendezi, na kwamba yako mambo mawili au matatu anayoyadhania, lakini mojawapo haliwezi kujulikana kwa kumtazama mtoto. Litajulikana kwa kusikia kutoka kwao. Kisha akauliza tena, polepole, kila mara akimtazama mmoja wao: mtoto huyu anatia nini mdomoni?

Wapendwa, hapo ndipo pa kusimama na kutazama. Dawa ya mtoto yule kwa wakati huo haikuwa kabatini. Ilikuwa sentensi moja: anatafuna ubao wa kitanda. Wawili walikuwa nayo. Na kila mmoja aliona kwamba akiitamka sentensi hiyo, amemkabidhi mtoto kwa mwenzake. Mkisikia hivi mnaweza kusema, ni wapumbavu hawa. Hawakuwa wapumbavu. Walikuwa watu wanaopenda, na waliogopa.

Bibi Naelijwa ndiye aliyeanza. Alifungua pindo la khanga yake mahali ambapo wanawake hufunga vitu vidogo, akatoa kipande cha msasa, kimekwisha makali, kimejaa rangi nyeupe na buluu na nyekundu. Akakiweka mezani mbele ya daktari.

"Anatafuna ubao wa kitanda," akasema. "Mimi ninausugua kwa hiki, kila siku mama yake akienda kukamua. Nafuta alama."

Daktari akauliza alama za nini.

Bibi hakumjibu yeye. Alimgeukia mkwewe. "Ameanza ya juu, mwanangu. Nilijua kabla yako, nilizisoma pale ubaoni. Nikakuuliza kila siku kama meno bado, nione kama umejua. Ukasema bado, nikashukuru. Nikasema nitafuta mpaka ya chini yatoke, yachanganyike, mtu asijue yapi yalitangulia."

Nakundwa akamuuliza alikuwa anamficha nani.

"Wewe. Kwenu ni watu wa kushika mila, shangazi zako nawajua. Niliogopa utawapelekea habari, waje kumchukua. Sifaeli si mtoto wangu wa kwanza. Wa kwanza alikuwa binti. Alianza ya juu. Nilikuwa kisimani, niliporudi kitanda kilikuwa kitupu, na mama mkwe wangu alikuwa anapepeta mchele kama kawaida. Sikuuliza. Miaka arobaini na sita sasa, sijauliza."

Nakundwa alikaa chini sakafuni. Hakulia. Alisema tu kwamba khanga ile ubaoni, aliishona yeye, ili kumficha Bibi alama zile.

Daktari alikwisha kukishika kile kipande cha msasa, anakigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Aliuliza kitanda kina umri gani na rangi zile ni za wakati gani. Alipoelezwa, akawaambia kwa maneno ya kueleweka. Rangi nyingi za zamani za mafuta, hasa zile za vyuma, zilikuwa na madini ya risasi. Zikikaa chini ya nyingine bila kuguswa, hudhuru kidogo. Zikikwanguliwa kavu, hugeuka vumbi, na vumbi hilo kwa mtoto mdogo ni sumu, hata kidogo tu. Bibi alilitoa vumbi. Mama alilivisha nguo inayolishika. Mtoto akalifyonza. Hakuna aliyemtilia kitu, na wote wawili walimlisha.

Damu yake ilitolewa ikapelekwa hospitali kubwa ya mkoa, na jibu likarudi kama daktari alivyodhani. Togolani alipona, lakini si siku ile, wala si mwezi ule. Alitibiwa muda mrefu. Alichelewa kutembea, na hata sasa, akiwa darasani, yapo mambo anayohitaji kuelezwa mara tatu. Hilo lazima lisemwe, maana mifano mingine huponya watoto upesi mno ili wasikilizaji waende wakale chakula kwa amani. Kitanda kile Sifaeli alikifungua vipande vipande. Daktari alikataza kukichoma kwa sababu ya moshi, wakakifukia mbali na kisima. Chumba wakakifuta kwa kitambaa chenye maji, kona kwa kona. Na mtoto akapewa cha kutafuna ambacho daktari alikitaja siku ya kwanza bila hata kufikiri: kitambaa safi kilichochovywa maji baridi yaliyochemshwa, kishikiliwe na mkubwa.

Kitambaa chenye maji baridi. Ndicho alichokihitaji tangu mwanzo.

Sasa tuje kwetu. Mtu akisikia habari hii atasema somo lake ni kwamba tusiwashuku wenzetu. Ni kweli, lakini hilo ni dogo. Mtoto yule alikuwa na walinzi wawili, wenye macho, wenye bidii, wanaoamka mapema kuliko kuku. Tatizo ni kwamba walinzi walikuwa wamegeuziana nyuso. Kila mmoja alimlinda mtoto dhidi ya mwenzake, na hakuna aliyebaki wa kumtazama mtoto ameweka nini mdomoni. Wazazi, sisi je? Baba anachunguza simu ya mama, mama anahesabu safari za baba, na kijana wao wa miaka kumi na mitano amekaa kati yao anakula nini? Wazee wa kanisa, sisi je? Tulikaa vikao vitatu mwaka huu kujua nani alisema nini juu ya nani. Katika vikao hivyo vitatu tulitaja jina la mgonjwa yupi?

Lakini hata hapo hatujafika. Nataka mniulize swali ambalo hamjaniuliza. Wale wanawake wawili, kwa kweli, walikuwa wanamwogopa nani?

Nakundwa hakuamini mambo ya kigego. Bibi Naelijwa hakuyaamini, aliyachukia kwa miaka arobaini na sita. Ndani ya nyumba ile hapakuwa na mtu hata mmoja aliyeamini. Basi hofu ilitoka wapi? Ilitoka mlangoni mwa kanisa. Ilitoka kwa wanawake waliocheka na Mama Nakiete, na kwa wanaume waliosimama pembeni wakajifanya hawakusikia. Walituogopa sisi. Sisi tunaosema desturi ile imekufa, na bado mtoto wa miezi minane akipita mbele yetu tunainama, tunamtekenya, tunatazama. Hatusemi kitu. Tunatazama tu, kisha tunakwenda kumwambia mwenzetu njiani. Kwa kutazama huko bibi mmoja alinunua msasa.

Mtauliza, tufanye nini? Jumapili ijayo wataletwa hapa watoto wanne kubatizwa. Majina yao yamebandikwa ubaoni pale nje, na majina ya mama zao. Wakitoka, watapita katikati yetu. Asiwepo mtu wa kuuliza habari za meno, ya juu wala ya chini, wala kwa utani. Ukitaka kuuliza, muulize mama kama amelala, muulize kama amekula, muulize kama kuna mtu wa kumshikia mtoto akafue. Na ikiwa nyumbani kwako yupo mtu ambaye umemchunguza mwaka mzima na hujamuuliza, usingoje hiyo Jumapili. Muulize leo, kabla ya chakula.